Ulimi wa kielektroniki: kihisi kisichochagua si tatizo, tatizo ni namna tunavyokijaribu

Mwanamaabara (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mada ya ulimi wa kielektroniki, yaani kifaa cha vihisi kadhaa kinachochunguza vimiminika kwa kusoma vihisi hivyo kwa pamoja, ikiguswa, mjadala hukimbilia mambo mawili: kifaa kina vihisi vingapi, na kinatumia akili bandia ya aina gani. Naomba leo tuuvute upande mwingine. Ninavyoona mimi, kihisi kinachoitikia vitu vingi kwa wakati mmoja kinaweza kutoa jibu la kuaminika kabisa, ila kwa masharti mawili: kiwe kimetulia, na kisifanane na wenzake. Kinachoangusha kazi nyingi za fani hii ni jinsi sampuli zilivyopangwa na jinsi modeli, yaani hesabu inayogeuza usomaji wa vihisi kuwa jibu, ilivyojaribiwa. Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni.

Tuanzie nyuma. Kwa miaka mingi kemia ya uchanganuzi imekuwa ikitafuta kihisi kinachoona kitu kimoja tu. Elektrodi ya kioo ya kupimia pH, iliyotokana na kazi ya Cremer mwaka 1906 na ya Haber na Klemensiewicz mwaka 1909, ndiyo mfano bora. Mwaka 1966 Frant na Ross wakaleta elektrodi ya floridi, yenye fuwele ya lanthani floridi iliyotiwa yuropiamu kidogo, na mpinzani wake wa maana ni hidroksidi tu. Vihisi vya namna hiyo ni vya kuhesabu. Elektrodi nyingi zinaiona ayoni lengwa vizuri na majirani zake nusunusu, na kwa muda mrefu hiyo nusunusu ilihesabiwa kuwa kasoro ya kupigwa vita.

Mwaka 1990 kundi la Kiyoshi Toko katika Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, lilitoa kihisi cha ladha chenye chaneli nane za tando za lipidi (molekuli za jamii ya mafuta) zilizochanganywa na plastiki ya PVC. Hakuna utando hata mmoja kati ya hizo uliokuwa na kazi ya kutambua molekuli fulani peke yake. Kila mmoja uliitikia chumvi, uchachu na uchungu kwa kiwango chake, na jibu lilitokana na kuzisoma chaneli zote kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1990, Vlasov, Legin na Rudnitskaya wa St. Petersburg walishirikiana na Di Natale na D'Amico wa Roma, wakatumia vioo vya kalkojenidi (vyenye salfa, seleniamu au teluriamu) na tando za plastiki, lakini wao lengo lao lilikuwa kupima kemikali zenyewe kuliko kuiga ladha. Mwaka 1997 Winquist, Wide na Lundström wa Linköping, Sweden, wakaja na njia ya tatu, ya voltametri, nitakayoieleza chini. Mwaka 2005 IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, ikachapisha ripoti ya kitaalamu iliyoweka fasili: mfumo wa vihisi kadhaa vyenye uchaguzi mdogo, unaosomwa kwa hesabu za vigeu vingi. Ona kwamba uchaguzi mdogo umo ndani ya fasili yenyewe. Haukuombewa radhi.

Sasa tushuke kwenye namba, maana hapa ndipo penye utamu.

Elektrodi ya potenshiometri haipitishi mkondo wa maana. Inapima tofauti ya volteji kati ya utando wake na elektrodi rejea, ile ambayo volteji yake inatakiwa ibaki palepale. Kwa ayoni yenye chaji moja, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ukolezi ukipanda mara kumi volteji inabadilika kwa milivolti 59.16. Kwa ayoni yenye chaji mbili ni nusu yake, 29.6. Uhusiano huo ni wa logi, na logi haina huruma: kosa la milivolti moja tu linakuwa kosa la takriban asilimia 4 ya ukolezi kwa chaji moja, na asilimia 8 kwa chaji mbili. Hilo liwekeni kichwani.

Chukua mmumunyo wenye sodiamu milimola 10 na potasiamu milimola 1 kwa lita. Elektrodi A inaiona sodiamu yote na potasiamu kwa sehemu ya kumi. Elektrodi B inaiona potasiamu yote na sodiamu kwa sehemu ya tano. Ukigeuza volteji kuwa ukolezi, A itasema 10.1 na B itasema 3. Zote mbili zimedanganya, na B imedanganya mara tatu! Lakini una milinganyo miwili na vigeu viwili. Tatua: sodiamu 10 kamili, potasiamu 1 kamili. Vihisi viwili visivyochagua vimetoa jibu sahihi bila kutenganisha chochote.

Sasa tia kosa la milivolti moja kwenye A, isome 10.5. Tatua tena: sodiamu inakuwa 10.4, potasiamu 0.92. Bado unaweza kuishi na hilo.

Badilisha B. Weka elektrodi inayofanana sana na A: sodiamu yote, na potasiamu kwa 0.12 badala ya 0.1. Bila kosa lolote, A inasoma 10.1 na B inasoma 10.12, na hesabu bado inatoa 10 na 1. Kwenye karatasi kila kitu ni sawa. Rudisha ile milivolti moja kwenye A: potasiamu inakuwa hasi 19. Ndiyo, hasi kumi na tisa, kitu kisichokuwepo duniani. Kosa ni lilelile, mmumunyo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba vihisi viwili vinasema jambo moja. Ndiyo maana mtu akiniambia kifaa chake kina vihisi ishirini, swali langu la kwanza ni vingapi kati yake vinaona mambo tofauti. Mashahidi ishirini waliosimama dirisha moja ni shahidi mmoja.

Voltametri inapita njia nyingine. Hapo unalazimisha volteji kwenye elektrodi za metali kama dhahabu, platinamu, rodiamu au iridiamu, kisha unapima mkondo. Volteji ikirushwa ghafla, kuna mkondo wa kujaza tabaka la chaji usoni mwa metali, ambao hushuka kwa kasi ya kieksponenti, na kuna mkondo wa mmenyuko wenyewe, yaani molekuli zinazopoteza au kupokea elektroni, ambao hushuka taratibu kwa kufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha muda. Kwa hiyo sekunde ileile ina habari mbili: mwanzo wake unasimulia chumvi na vitu vinavyong'ang'ania uso wa metali, mwisho wake unasimulia vinavyomenyuka. Rusha volteji za ngazi tofauti, kwa metali tofauti, utapata maelfu ya namba kwa sampuli moja. Hapo raha inaanza, na hatari pia.

Hatari yenyewe ndiyo hii. Sampuli 20, namba 6,000 kwa kila sampuli. Ukizipa hesabu uhuru wa kutosha, zitapata mstari wa kutenganisha makundi yoyote unayotaka, hata kama umeyagawa kwa kurusha sarafu. Mtu anatoa grafu yenye mawingu matatu yaliyoachana vizuri, anaandika "asilimia 100", na watu wanapiga makofi. Mimi grafu hiyo hainiambii kitu mpaka nijibiwe maswali haya.

Sampuli zilipimwa kwa mpangilio gani? Kama kundi la kwanza lilipimwa Jumatatu, la pili Jumanne na la tatu Jumatano, basi inawezekana kabisa kifaa kimetambua siku na si sampuli. Elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha ina kizibo chenye vinyweleo. Kikianza kuziba, au mmumunyo wa ndani ukianza kupungua nguvu, chaneli zote za potenshiometri zinahama pamoja upande mmoja. Hesabu ya vijenzi vikuu (PCA) hutafuta mwelekeo wenye mtawanyiko mkubwa kuliko yote, na uhamaji huo ndio mtawanyiko mkubwa. Matokeo yake kijenzi cha kwanza, chenye asilimia 90 ya maelezo, kinakuwa picha ya kizibo kilichoziba. Nimeziona grafu za namna hii na huwa zinapendeza kweli kweli.

Swali la pili: marudio yalihesabiwaje? Chupa 10, kila moja ikasomwa mara 5, inaleta mistari 50. Halafu mtu anaacha mstari mmoja nje, anafunza modeli kwa 49, anajaribu. Lakini ndani ya ile 49 wamo ndugu wanne wa mstari ulioachwa, kutoka chupa ileile! Modeli haikubashiri, imekumbuka. Chupa ndiyo sampuli. Anayetaka kujaribu aitoe nje chupa nzima na marudio yake yote. Jaribio gumu zaidi, ambalo ndilo la haki, ni kuitoa nje siku nzima.

La tatu naliuliza haraka tu: ukichanganya majina ya makundi kiholela na kurudia hesabu yote mara mia kadhaa, modeli inapata asilimia ngapi? Kama majina ya uongo yanapata 85, basi 90 yako ya kweli haijakupa mengi.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

BintiKemia

Asante sana mkuu kwa uzi, huo mfano wa hasi 19 nimeufanya mwenyewe kwenye karatasi na umenikaa. Swali: sukari haina chaji. Sasa hivi vihisi vya volteji vinaionaje? Maana kila mahali naona wanasema ulimi huu unatambua utamu.

Mwanamaabara

Dada, umegusa sehemu nyeti. Utando wa kawaida wa potenshiometri unaitikia chaji, na sukari haina. Kwa hiyo ukiona kifaa cha potenshiometri kitupu kinadai kupima sukari kwenye kinywaji, uliza kinaona nini hasa. Mara nyingi kinaona asidi na chumvi ambazo katika sampuli zile zilitokea kupanda na kushuka pamoja na sukari. Siku ukileta kinywaji chenye asidi ileile na sukari tofauti, modeli inapotea.

Njia za haki zipo. Kwenye mmumunyo wenye alkali, sukari inaweza kuoksidishwa juu ya shaba au dhahabu, na hapo voltametri inaiona moja kwa moja. Njia nyingine ni kimeng'enya: tangu Clark na Lyons walipotoa wazo la elektrodi ya kimeng'enya mwaka 1962, glukosi imekuwa ikipimwa kwa kimeng'enya cha glukosi oksidesi kinachotoa peroksidi ya hidrojeni, na elektrodi inaipima peroksidi hiyo. Lakini kimeng'enya hicho hakiioni sukrosi mpaka ivunjwe kwanza. Kuna pia njia ya impidansi, ambayo kundi la Riul na wenzake nchini Brazili waliitumia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa tando nyembamba mno zilizotandazwa juu ya elektrodi zilizofumana kama vidole. Hiyo haidai chaji, kwa sababu inasoma jinsi utando na kimiminika vinavyoitikia umeme wa masafa mbalimbali.

Wengi siku hizi wanachanganya: potenshiometri kwa ayoni, voltametri kwa vinavyomenyuka, na kimeng'enya kimoja au viwili kwa kitu mahususi. Napendelea sana mchanganyiko huo.

Kokotoa

Mkuu, nakubaliana na mengi ila hapa unaibana sana akili bandia. Usomaji kuhama ni ruwaza kama ruwaza nyingine. Ukiipa mitandao ya neva data ya kutosha, itajifunza uhamaji na kuuondoa yenyewe. Kwenye picha na sauti limefanyika.

Mwanamaabara

Mkuu Kokotoa, hoja yako ina nguvu pale data inapokuwepo. Picha unaweza kuzikusanya kwa mamilioni. Hapa kila mstari ni chupa, ni kusuuza elektrodi, ni dakika za kusubiri usomaji utulie. Kazi nyingi zina makumi ya sampuli. Na mtandao hujifunza uhamaji ulioonyeshwa tu. Kama data yote ni ya wiki moja, haujui elektrodi itakuwaje baada ya miezi miwili utando ukiwa umevuja plastishaiza yake (kimiminika kinachoilainisha plastiki) na umebadilika.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu haiwezi kulirudisha. Kama kundi na siku vimefungana, yaani kila kundi lina siku yake, hakuna modeli duniani inayoweza kujua tofauti iliyopo imetokana na kipi. Habari hiyo haimo kwenye data. Ingeingia kwa kitu kimoja tu, kuchanganya mpangilio wa kupima kabla ya kuanza, na hilo linafanywa kwa kalamu na karatasi.

Nilicho nacho imani ni marekebisho madogo yenye sababu ya kikemia. Pima mmumunyo uleule wa kulinganishia kati ya sampuli, mwanzo hadi mwisho wa siku. Chaneli zote zikihama sawa, mtuhumiwa ni elektrodi rejea. Ikihama chaneli moja, mtuhumiwa ni utando wake. Wapo wanaotoa wastani wa chaneli zote kutoka kila chaneli ili kufuta uhamaji wa pamoja. Inasaidia, ila ujue umefuta pia chochote cha kweli kilichozigusa zote kwa usawa. Na ukitaka kuhamisha modeli kwenda siku mpya au kifaa kipya, chagua sampuli chache za zamani zinazotunzika, zipime upya, utafute uhusiano kati ya usomaji mpya na ule wa kale. Sampuli hizo chache zina thamani kuliko kufunza kila kitu upya.

Kokotoa

Hapo kwenye kundi na siku kufungana nimekuelewa. Sikuwa nimeliangalia hivyo.

DawaNaDozi

Niongeze upande wa dawa, maana huko ndiko nilikokutana na vifaa hivi. Kazi kubwa ni uchungu. Dawa ya watoto ya maji ikiwa chungu, mtoto anaitema, na dozi imepotea. Wakati huohuo huwezi kumpa mtu aonje kemikali ambayo usalama wake haujathibitishwa. Hapo kifaa kinasaidia kweli: unalinganisha dawa tupu na dawa iliyofunikwa ladha, ukiwa na kwinini hidrokloridi kama kipimo cha kulinganishia.

Kwa kifaa cha mfumo wa Toko, utaratibu uko hivi. Unaanza na mmumunyo rejea wenye kloridi ya potasiamu milimola 30 na asidi ya tatariki milimola 0.3, unasoma volteji. Unatumbukiza kwenye sampuli, unasoma. Unasuuza kidogo tu, bila kusugua, unarudi kwenye mmumunyo rejea na kusoma mara ya tatu. Tofauti ya usomaji wa pili na wa kwanza ndiyo ladha ya papo hapo. Tofauti ya usomaji wa tatu na wa kwanza inatokana na molekuli zilizobaki zimeng'ang'ania utando, na hiyo ndiyo inayochukuliwa kama ladha inayobaki mdomoni baada ya kumeza. Molekuli nyingi chungu hazipendi maji, zinapenda mafuta, ndiyo maana zinagandia kwenye lipidi. Baada ya hapo unasafisha kikamilifu kabla ya sampuli inayofuata.

Mwanamaabara

Mkuu DawaNaDozi, asante, huo usomaji wa tatu ni moja ya mawazo mazuri kuliko yote katika fani hii. Kitu ambacho wengine wangekiita uchafu wa elektrodi kimegeuzwa kuwa kipimo.

Niongeze tahadhari moja tu. Binadamu ana vipokezi vya uchungu takriban 25 vya familia ya TAS2R, na dawa tofauti hugusa vipokezi tofauti. Utando wa lipidi hauna vipokezi hivyo. Unapima mvuto wa molekuli kwenye mafuta na chaji yake. Kwa dawa zenye chaji na zinazopenda mafuta, mambo mawili hayo huenda pamoja na uchungu. Kwa molekuli chungu isiyo na chaji, kifaa kinaweza kukaa kimya huku mdomo unakunjamana. Kwa hiyo kila familia mpya ya dawa ithibitishwe upya, kwa waonjaji pale inaporuhusiwa.

Mgeni_wa_Benchi

Wakuu shikamooni. Mimi ndiyo naanza, msimamizi wangu amenipa mada ya kupima ayoni kwenye maji kwa vihisi kadhaa. Nianze na vingapi, na nitumie hesabu gani?

Mwanamaabara

Marahaba mdogo wangu. Anza na sita hadi nane. Chagua vichache vinavyochagua vizuri, kwa mfano pH na kloridi, halafu vingine vya tando za plastiki zenye vibadili ayoni vya aina tofauti, vya chaji chanya na vya chaji hasi, ili viwe na tabia zisizofanana. Kabla hujaleta maji yoyote ya kweli, tengeneza mimumunyo ya ayoni moja moja na uchore mwitikio wa kila kihisi. Kihisi ambacho mteremko wake kwa ayoni yake (badiliko la volteji ukolezi ukipanda mara kumi) uko mbali na milivolti 59 au 29, au hakirudii usomaji wake, kiweke pembeni. Viwili vikiwa na mitikio pacha, toa kimoja.

Kisha tengeneza michanganyiko ambayo ukolezi wa ayoni haupandi pamoja. Hili usilipuuze. Ukiandaa mimumunyo mitano kwa kuzimua mmoja uleule, kila ayoni itakuwa inashuka sambamba na wenzake, na modeli itapima kalsiamu kwa kutazama sodiamu bila wewe kujua.

Hesabu anza na vijenzi vikuu ili uione data, kisha urejeshi wa miraba midogo kabisa ya sehemu (PLS), ule wa mtakwimu Herman Wold na mwanawe Svante, kwa kubashiri ukolezi. Vijenzi viwili au vitatu vikitosha, usiongeze cha nne kwa sababu tu kosa la kufunzia limepungua. Weka volteji kama zilivyo, kwa sababu tayari zina uhusiano wa logi na ukolezi, na ubashiri logi ya ukolezi badala ya ukolezi wenyewe.

Na kabla ya yote hayo kagua nyaya. Utando wa kioo una ukinzani wa takriban ohmu milioni 100 au zaidi, kwa hiyo kipima volteji chako kinahitaji ukinzani wa kuingilia mkubwa mno, ohmu 10 kwa kipeo cha 12 hivi, na nyaya zenye kinga. Ukiona usomaji unaruka mtu akipita karibu na meza, hiyo si kemia. Funga vizuri kinga ya nyaya, dhibiti joto la mmumunyo, maana ule mteremko wa 59.16 kwenye nyuzi 25 unakuwa 58.2 kwenye nyuzi 20, kisha uanze kuandika mpangilio wako wa sampuli ukiwa umeuchanganya.

Mgeni_wa_Benchi

Nimenakili yote. Kesho naanza na mimumunyo ya ayoni moja moja, nikipata miteremko nitaileta hapa.

Mwanamaabara

Ilete pamoja na saa ya kila usomaji.